Mpangaji wa juu kaacha koki wazi, dari ya jipsamu ya chini imeanguka: alipe kiasi gani?

MwanaTabata (ameuliza)

Wakuu habari za majukumu. Naomba ushauri hasa wa wenye nyumba za kupangisha na mafundi mliomo humu, maana hili jambo limenikalia kooni na sitaki kumuonea mtu.

Nasimamia nyumba ya bi mkubwa huku Tabata, ni ya ghorofa moja, juu anakaa dada mmoja mfanyakazi na mdogo wake, chini ipo familia, baba mama na watoto. Huyu dada wa juu anaingia mwaka wa tatu sasa, kodi laki tatu na nusu kwa mwezi, analipa miezi sita sita na hajawahi kunisumbua. Mkataba upo wa maandishi ila ni ule wa kuchukua stesheneri unajaza majina tu, kuna mstari unasema mpangaji atatengeneza uharibifu wowote atakaousababisha, basi. Dipoziti hatukuchukua.

Sasa wiki iliyopita maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Asubuhi kafungua koki ya sinki la jikoni kuona kama yamerudi, hayakutoka, akaenda kazini koki ikabaki wazi, na kwenye sinki kulikuwa na beseni limekalia lile tundu. Mchana maji yakarudi kwa presha ile ya maji yaliyokaa muda bila kutoka. Juu hakuna mtu, chini mama alikuwa ametoka, anarudi jioni anakuta maji yanachuruzika kwenye taa ya sebuleni na karibu nusu ya jipsamu imelala juu ya makochi. Tv yao imelowa haiwaki. Juu nako kabati la jikoni lile la mbao za kubandika limevimba chini milango haifungi.

Nimeleta fundi kanipigia hesabu ya 1,380,000. Jipsamu sebule na korido 520,000, rangi nyumba yote ya chini kwa ndani 430,000, kabati jipya 280,000, umeme 150,000. Bi mkubwa, yaani mama yangu, anasema dada alipe yote na kama hawezi kodi ikiisha atoke. Dada mwenyewe amelia, amekubali kwamba koki aliiacha yeye, ila anasema hiyo hela hana kwa mkupuo na anauliza kwa nini apake rangi mpaka vyumba ambavyo havikuguswa na maji. Kiukweli hapo nimeshindwa kumjibu. Halafu baba wa chini anataka tv yake na ananiuliza mimi, sio yule dada.

Jipsamu ile iliwekwa 2016, rangi mara ya mwisho 2019. Naombeni mnisaidie haki iko wapi hapa. Nawasilisha.

MzeeWaKimara

Pole sana kijana. Mimi nina vyumba vya kupangisha muda mrefu na nitakwambia bila kuzunguka, mpangaji alipe. Kuacha koki wazi wakati maji yamekatika ni jambo ambalo kila mtu Dar anajua matokeo yake, hata mtoto wa darasa la tatu anafunzwa funga koki. Mama yako hiyo nyumba pengine ndio pensheni yake, leo akibeba hasara ya mtu mwingine kesho bomba likipasuka la kwake mwenyewe atatoa wapi hela. Watu wanaona mwenye nyumba ana hela, hawajui kuna kodi ya jengo, kuna kodi ya pango, kuna kunyonya choo, kuna paa.

Huruma iwe kwenye muda wa kulipa, sio kwenye kiasi. Mpe hata miezi minne alipe kidogo kidogo ila alipe yote na muandikishiane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

FundiDari

Mkuu mimi kazi yangu ni dari na rangi, ngoja nikwambie kitu kabla hata ya hela. UMEME. Maji yaliyotoka kwenye taa maana yake yamepita kwenye paipu za waya ndani ya zege, zima meini swichi ya chini, wasiwashe taa wala wasichomeke kitu sebuleni mpaka aje fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, apime zile waya na mashine yake, asiangalie kwa macho tu. Mtu anaona pamekauka anawasha, kumbe boksi la taa bado lina maji. Kuna watoto hapo.

Sasa hesabu. Mimi huyo fundi simsemi vibaya ila hiyo 1,380,000 ni hesabu ya kukarabati nyumba, sio hesabu ya kurekebisha kilichoharibika na maji. Naomba unijibu: sebule ina ukubwa gani, korido ililowa au haikulowa, na ile jipsamu iliyobaki juu ukiigusa ni ngumu au imelegea?

MwanaTabata

Asante fundi, nimempigia baba wa chini sasa hivi kazima meini na watalala na tochi leo.

Sebule ni mita 4 kwa 5. Korido kusema kweli haikulowa siku hiyo, ila pale kona ya korido na sebule kuna doa la kahawia la zamani, liko chini ya bafu la juu, mama wa chini alishaniambia mwaka jana na nilikuwa sijaleta fundi wa bomba. Iliyobaki juu imeshuka tumbo, ukigusa inabonyea.

FundiDari

Basi hapo ndio penyewe.

Jipsamu ikishalowa hadi ndani haina nguvu tena hata ikikauka, ile karatasi ya juu inaota ukungu na skrubu zinachomoka, kwa hiyo hiyo iliyoshuka tumbo usikubali mtu akwambie ataisukuma juu na kuongeza skrubu, toa sebule yote. Hapo fundi wako yuko sahihi. Lakini angalia vipimo. Bodi moja ni mita 1.2 kwa 2.4 yaani inafunika kama mita za mraba 2.88. Sebule yako ni mita 20 za mraba, ukigawa unapata bodi saba, nunua nane kwa sababu ya vipande vinavyokatika. Bodi kwa sasa inacheza kwenye elfu ishirini na kitu kutegemea duka na unene, tuseme 25,000, hapo laki mbili. Weka unga wa jipsamu, tepu ya maungio, skrubu na mbao chache za blandaringi (zile zinazoshikilia bodi) zilizooza au kupinda, tuseme 70,000. Ufundi mimi ningekufanyia elfu tano kwa mita ya mraba, laki moja. Jumla 370,000 kwa sebule. Korido iache kama haikulowa, na kama utaifanya kwa sababu ya lile doa basi hiyo ni ya mwenye nyumba, maana doa la kahawia lenye miduara ni maji ya muda mrefu yanayovuja kidogo kidogo, sio mafuriko ya siku moja. Na inawezekana kabisa ile kona ndiyo iliyoanza kuachia kwa sababu ilishalegea.

Rangi nayo, nyumba yote kwa nini? Dari mpya lazima ipakwe, sawa. Ukuta wenye michirizi upakwe, na kwa vile rangi ya 2019 ukipaka ukuta mmoja mpya utaonekana kama kiraka basi paka sebule nzima iishie kwenye kona ya korido. Dari mita 20 mikono miwili ni mita 40, galoni ya lita nne inatosha. Kuta za sebule ukitoa mlango na madirisha hazifiki mita 50, mikono miwili lita kumi hivi. Rangi na ufundi kwa sebule peke yake ukiniambia 130,000 siwezi kubisha. Vyumba vya kulala havihusiki kabisa.

Ila usiwe na haraka. Zege lililolowa linaonekana limekauka kwa nje huku ndani bado lina maji, ukifunga jipsamu sasa hivi unafungia unyevu humo na baada ya muda unaona ukungu mweusi unatokeza kwenye maungio. Fungueni madirisha, iacheni wazi wiki tatu hivi. Na huo muda utumie kumleta fundi bomba atengeneze bafu la juu kwanza, la sivyo unaweka dari mpya chini ya bomba linalovuja.

SinzaPalestina

Mimi naongea kama mpangaji, maana nimepanga tangu natoka chuo.

Jamani wenye nyumba kuna kitu huwa hamtaki kukisikia. Vitu vinachakaa. Rangi ya 2019 hata kama maji yasingemwagika mngeipaka tena hivi karibuni, sasa akiilipia yeye yote maana yake amewapakia nyumba yenu bure, mnatoka kwenye ajali mkiwa na nyumba nzuri kuliko mlivyoingia nayo. Hilo kabati pia, ni la lini? Kama liliwekwa 2016 pamoja na dari basi limeshatumika sana, hizo mbao za kubandika jikoni kwenye mvuke na maji hazidumu, kulidai jipya kwa bei kamili sio haki.

Nyumba niliyohama kabla ya hii nilitoboa ukuta sehemu mbili kuning'iniza tv, nikaziba mwenyewe kwa unga na kupaka, wakati wa kutoka nikaambiwa nilipe rangi ya nyumba nzima na wakashikilia friji yangu mpaka nilipolipa. Nililipa kwa sababu gari ya kuhamisha lilikuwa limesimama nje linanidai hela ya kusubiri. Sikupewa risiti wala sikuonyeshwa hiyo rangi ikipakwa, na rafiki yangu aliyeingia baada yangu alikuta zile kuta ziko vile vile. Kwa hiyo huyo dada akiuliza kwa nini apake vyumba visivyoguswa sio mkorofi, anauliza swali la msingi na anastahili jibu.

MzeeWaKimara nakuheshimu sana baba yangu lakini kuadhibu na kufidia ni mambo mawili. Kakosea alipe alichoharibu, asilipishwe hasira.

MzeeWaKimara

Binti nimekusoma na sijakasirika. La friji ni kosa, hilo halitetewi. Lakini na nyinyi mjue kwamba nikileta fundi kwa kazi ndogo ananilipisha karibu sawa na kazi kubwa, na nikipaka sebule tu mpangaji wa chini ananiuliza vyumba je. Uchakavu naukubali, nani anauhesabu? Mimi sina rula ya kupima rangi imebakiza miaka mingapi.

BintiWaSheria

Habari zenu. Nimesoma sheria na nafanya kazi za mikataba, nitaongea kwa ujumla tu maana mkataba wenyewe sijauona.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ina vifungu viwili vinavyoingia kwenye mikataba ya pango hata kama hamkuviandika. Kifungu cha 88 ni wajibu wa mwenye nyumba na cha 89 ni wajibu wa mpangaji. Mpangaji anatakiwa kurudisha nyumba ikiwa katika hali aliyoikuta, ISIPOKUWA habanwi na uchakavu wa kawaida wa matumizi, wala moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wake, wala majanga ya asili, wala uharibifu aliousababisha mwenye nyumba mwenyewe. Hapo mtaona pande zote mbili mna pa kusimama. Mzee wa Kimara anapata kwenye neno uzembe, kwa sababu kuacha koki wazi na beseni kwenye tundu ni uzembe hata kama hakukusudia, sio sawa na bomba lililopasuka lenyewe ukutani usiku. SinzaPalestina anapata kwenye uchakavu wa kawaida. Yaani uzembe unamfanya alipe kile ambacho uzembe huo umekiharibu, haumfanyi alipe umri wa nyumba.

Lile doa sasa. Mwenye nyumba anapopangisha sehemu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na sehemu za pamoja ni juu yake kuziweka sawa. Bafu la juu kuvuja na mpangaji wa chini akatoa taarifa mwaka jana, hilo liko mikononi mwenu. Likifika kwenye baraza la ardhi mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa wewe MwanaTabata, kwa hiyo ni busara litolewe kwenye hesabu ya dada kabla hajalitoa yeye.

Halafu kuna jambo hamjaliona kabisa. Familia ya chini. Wao hawana kosa lolote, na hicho kifungu cha 88 kinasema sehemu ya nyumba ikiwa haikaliki kwa ajali ambayo sio uzembe wa mpangaji husika, kodi au sehemu yake inayolingana na uharibifu inasimama mpaka patengenezwe, na kama miezi sita itapita bila kutengenezwa mpangaji anaweza kuvunja pango kwa notisi ya mwezi mmoja. Watu hawa wamelipa kodi ya sebule ambayo hawaikalii. Kwa hiyo usisubiri dada wa juu amalize kulipa ndio utengeneze. Mama atengeneze kwanza, hiyo ni haki ya wa chini kwake, halafu adai kwa wa juu. Hayo ni madeni mawili tofauti msiyachanganye.

Tv ni kati ya wapangaji wenyewe kwa wenyewe, mwenye nyumba hakuimwagia maji. Ila kwa vile wewe ndiye unayeheshimiana nao wote wawili ukae nao. Mwambie baba apeleke kwa fundi kwanza, pengine ni saketi moja, asidai tv mpya ya dukani kwa iliyotumika miaka.

Na tafadhali msifunge mlango kwa kufuli wala kushika vyombo vya mtu, hapo wewe mwenye dai unageuka mdaiwa. Mkishindwana kabisa Baraza la Kata linasuluhisha, likishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

KejaUmoja

Niko Nairobi lakini hii story naijua vizuri, hapa Umoja maji huja siku chache kwa wiki na kila ploti ina stori ya mtu aliacha bomba wazi. Huku kwetu hakuna nyumba unaingia bila dipoziti ya mwezi mmoja, wengine wanaitisha miwili, na hapo ndipo vita huwa, kwa sababu wakati wa kutoka keateka, yaani msimamizi wa nyumba, anakuja na daftari anakwambia dipoziti imeenda kwa rangi, kila mtu anayehama analipa rangi hata kama amekaa mwaka mmoja tu na kuta ziko safi. Kwa hivyo dipoziti pekee haileti haki, usidhani mngekuwa nayo mngekuwa mmemaliza.

Kitu kimenisaidia mimi ni picha. Siku nilipoingia hii nyumba nilizunguka na simu nikarekodi video kutoka mlangoni mpaka choo, kila ufa, kila bomba, nikamtumia landilodi kwa Watsapu hiyo siku hiyo na nikamwambia hii ndio hali nimeikuta. Hakujibu lakini tiki mbili ziko. Mwaka uliopita kulikuwa na tailsi zimepasuka bafuni akataka nilipe, nikamtumia video ile ile, tukaongea kama watu wazima.

Na sheria zetu zinafanana, ile Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 iko na maneno karibu hayo hayo kifungu cha 65 na 66. Tofauti ni huku mkikosana juu ya pesa kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza kesi mpaka shilingi milioni moja za Kenya na inafaa kumaliza ndani ya siku 60, watu wa kawaida wanaenda bila wakili.

Swali kwa Fundi, hilo sinki halina lile tundu la juu la kumwaga maji yakijaa? Na sakafu ya jikoni haina mahali pa kutoka maji? Kwa sababu sinki likiwa na hilo tundu linafanya kazi, maji ya koki moja ingekuwa ngumu kujaza nyumba.

FundiDari

KejaUmoja umeuliza swali la kifundi kabisa. Masinki ya bei ya chini mengi hayana tundu la juu, na yenye nalo unakuta fundi hakuliunganisha na bomba la chini, limekaa kama pambo. Na jikoni za ghorofani wengi hawaweki flo trapu, lile tundu la sakafuni la kutolea maji, kwa hofu ya harufu na mende, maji yakimwagika hayana pa kwenda zaidi ya kutafuta matundu ya mabomba na ya waya kwenye zege. MwanaTabata angalia hilo. Kama sinki lina tundu na lilikuwa limeziba kabla dada hajaingia basi na hilo linapunguza lawama yake. Kama halina, mkitengeneza sasa muweke sinki lenye nalo, gharama hiyo ni ya nyumba.

MwanaTabata

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimekawia kidogo.

Kwanza umeme, fundi mwenye leseni amepima, waya ziko salama ila boksi mbili za taa na soketi moja zimebadilishwa, jumla pamoja na ufundi 90,000 sio 150,000. Risiti ninayo.

Sinki halina tundu la juu, nimeangalia. Fundi bomba amefungua bafu la juu amekuta kiungio cha bomba la kutolea maji machafu kimeachia, hilo mama amelipa mwenyewe bila neno baada ya kuona kwa macho.

Nilimsomea mama majibu yenu yote, na la mzee wa Kimara nilimsomea pia maana alifurahi kuona kuna mtu wa upande wake. Kilichomgusa sio sheria, ni pale aliposikia kwamba familia ya chini wanalipia sebule wasiyoikaa. Akasema hao watu tangu wahamie hawajawahi kuchelewesha kodi, wasikatwe usingizi kwa ajili yangu. Ameamua dari itengenezwe kwa hela yake zege likikauka na kodi yao ya miezi sita ijayo ipunguzwe kidogo, wenyewe wameridhika.

Kwa dada tumekaa mimi, yeye, mama, na mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Tumekwenda kitu kimoja kimoja. Jipsamu ya sebule 370,000, ile kona yenye doa la zamani tumeitoa kwa makadirio, kabaki na 300,000. Rangi ya sebule 130,000 tumegawana nusu kwa sababu ya umri wake, 65,000. Umeme 90,000 yote yeye. Kabati ndio lilileta mjadala mrefu, mama alikuwa anataka 280,000 dada anasema halina thamani hiyo, seremala wa jirani akaja kuliangalia akasema upande wa juu mzima, anaweza kubadilisha sehemu ya chini na milango kwa 160,000, dada atatoa 100,000 mama 60,000. Jumla ya dada 555,000, atalipa kwa mafungu matatu, la kwanza mwisho wa mwezi huu, na kila fungu anapewa risiti yenye saini. Mwenyewe alisema akionyeshwa hivyo hana kinyongo, kilichokuwa kinamuuma ni ile namba moja kubwa isiyo na maelezo.

Tv imetengenezwa, zilikuwa ni taa za ndani na saketi, wameelewana wao wenyewe na mimi sijauliza bei.

Sasa nataka kuandika mkataba mpya, sio huu wa stesheneri. BintiWaSheria na wengine, niweke nini ambacho hakitamuumiza mpangaji wala mama?

BintiWaSheria

Hongera, mmefanya vizuri. Usiandike kitabu. Ambatanisha karatasi ya hali ya nyumba siku ya kuingia, chumba kwa chumba, na picha, pande zote zisaini, na mtaje mwaka ambao rangi, dari na makabati viliwekwa ili siku ya siku msibishane umri. Andika kwamba uharibifu uliotokana na uzembe wa mpangaji atalipa gharama halisi ya matengenezo kwa risiti baada ya kutoa uchakavu, na kwamba ana haki ya kuleta fundi wake mmoja kwa ajili ya makadirio ya pili. Andika pia namna ya kutoa taarifa ya kitu kinachovuja au kuharibika, kwa meseji inatosha, na muda ambao mwenye nyumba ataanza kukishughulikia. Hapo ndipo mlipoteleza na lile doa. Mkiamua kuchukua dipoziti, andikeni itarudishwa lini na itakatwa kwa mambo gani, na kila makato yaambatane na risiti.

MzeeWaKimara

Hiyo ya kuandika mwaka wa rangi na dari nitaichukua mimi, ndiyo rula niliyokuwa naiulizia. FundiDari una namba ya kazi? Nitumie inbox nina dari mbili za kutengeneza.

FundiDari

Nimekutumia mzee. MwanaTabata, ukiwa unasubiri zege likauke, weka geti valvu ya kufunga maji ya kila ghorofa peke yake, iwe mahali ambapo jirani anaweza kuifikia. Siku ile mama wa chini angekuwa na pa kufungia alipofika tu, nusu ya hiyo dari ingekuwa bado iko juu.

MwanaTabata

Haikuwepo fundi, ilibidi wampigie simu dada huko kazini na wao wakawa wanakinga kwa ndoo mpaka aliporudi na funguo. Fundi bomba yupo bado hapa anamalizia bafu, namwambia aweke leo leo.